Kiswahili Hakimponzi Mtoto kwenye "-ing"

Upo ushauri unaozunguka katika nyumba zetu huku ughaibuni: mtoto akitaka kukijua Kiingereza barabara, Kiswahili kiachwe mlangoni pamoja na viatu. Wanaoutoa si wageni peke yao. Wengi ni sisi kwa sisi, tena wenye shahada. Tunaupinga, na ushahidi tunauchukua pale pale wanapokwama wanafunzi wengi: maneno yanayoishia kwa "-ing".

Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho tofauti. Jina la tendo liliishia kwa "-ung" au "-ing". Neno la kumweleza aliyemo katika tendo liliishia kwa "-ende". Katika zama za kati miisho hiyo ikaungana ikawa mmoja. Leo mwanafunzi huonyeshwa umbo moja, akaambiwa hili ni jerandi na lile ni patisipo, na akiuliza tofauti hupewa kanuni za kukariri.

Mtoto mwenye Kiswahili akariri nini? Mpe "she began running" na "she came running". Atasema: alianza kukimbia, alikuja akikimbia. Tofauti ameitamka mwenyewe. "Swimming pool" ni bwawa la kuogelea, maana bwawa lenyewe haliogelei, ilhali "running water" ni maji yanayotiririka.

Kwetu sisi wahandisi jambo hili si la darasani tu. Chukueni onyo hili: "moving machines can be dangerous". Hatari iko katika kuzihamisha mashine, au katika mashine zinazotembea? Msomaji hajui aahirishe kuita winchi au akae mbali. Neno "can" halibadiliki, ndiyo maana siri inafichika. Angalau "is" au "are" ingeifichua. Kiswahili hakimpi mwandishi mwanya huo: kuhamisha mashine kunaweza kuwa hatari, mashine zinazotembea zinaweza kuwa hatari. Upatanisho umekwisha kusema.

Waingereza wenyewe hawajamaliza ugomvi. Mwaka 1906 ndugu wawili wa ukoo wa Fowler, katika kitabu chao The King's English, waliwashambulia wanaochanganya "his singing" na "him singing". Kwetu kuna kuimba kwake, na kuna tulimsikia akiimba. Ni nani aliyewahi kuvichanganya? Mwaka 2002 Huddleston na Pullum, katika sarufi yao kubwa iliyochapwa Cambridge, waliyaweka yote mawili katika fungu moja. Tunawaelewa, kwa kuwa umbo la Kiingereza ni moja kweli. Lakini hoja yao haimsaidii anayewanyima watoto Kiswahili. Tofauti ambayo Kiingereza hakiionyeshi tena usoni, sisi tunayo mdomoni kila siku.

Tusidanganyane, hata hivyo. Lugha hizi hazilingani neno kwa neno. Kiambishi -ki- hubeba sharti pia, kama katika "akija mwambie", na "sleeping child" kwetu ni mtoto aliyelala, si anayelala. Mtoto atauliza kwa nini. Na aulize! Anayeuliza hivyo ana lugha mbili za kupimia, na mwenzake mwenye moja hana pa kuanzia swali hilo.

Basi mzazi anayepiga marufuku Kiswahili mezani atuletee sentensi moja tu ya "-ing" ambayo Kiswahili kilimponza mwanawe. Ukurasa huu tutampa.