Acheni kupaka rangi trela linalovuja

Wadau, nisameheni kwa kimya cha wiki tatu. Mitihani ilinibana, na ilipoisha nikajikuta chini ya trela, tochi mdomoni, shati limejaa kutu. Leo sina habari za darasani. Nina hasira, na nitazimalizia hapa hapa.

Kwa mlioko nyumbani: trela ninalosema si lile la kupeleka mzigo Tunduma. Ni kinyumba chenye magurudumu mawili, ndani kina kitanda, jiko la gesi na sinki, kinafungwa nyuma ya gari na Wamarekani wanakwenda nacho kupiga kambi. Huku Iowa utayaona yale ya miaka ya sitini na sabini yamelala nyuma ya nyumba za watu, majani yameota mpaka dirishani. Mimi na mshkaji wangu wa Tabora tulichukua letu la mwaka 1974, futi 16, kwa dola 900, eti tutalikarabati wenyewe likizo moja tu. Likizo ya pili hii.

Sasa sikilizeni. Jumamosi dada mmoja wa hapa chuoni, Mtanzania mwenzetu, akanipigia simu: "Kaka, njoo unitazamie trela langu, kuna harufu siielewi." Alilinunua kwa dola 6,500, pesa ya kubeba boksi miaka miwili, ili aishi humo aepukane na kodi ya chumba. Muuzaji alimwambia limekarabatiwa lote. Na kweli, ukiingia unasema mashallah! Ndani jeupe pee, mapazia ya maua, mito, taa ndogondogo kama za harusini. Nikatoa bisibisi nikaigusisha ukutani, chini ya dirisha la mbele. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye papai. Nilipoichomoa ilikuwa imelowa. Dada akakaa kitandani, hakusema kitu.

Hivi jamani, huo ni ukarabati au ni funika kombe mwanaharamu apite?

Matrela mengi ya zama zile yamejengwa kwa vijiti vya mbao vyembamba. Nje yamevikwa bati la alumini, ndani ubao mwembamba kama kadibodi, katikati pamba ya kuzuia baridi. Bati la ubavuni linapokutana na la paa pana mkanda wa alumini uliofungwa kwa skrubu, na chini ya mkanda gundi ya kuzibia. Gundi hiyo baada ya miaka arobaini ni kama chapati ya juzi. Inakauka, inapasuka, maji yanapita. Na si kwamba yatadondoka sakafuni uyaone, hapana. Yanateremka na kijiti, pamba inayanywa, yanakaa huko misimu na misimu mpaka mbao inageuka ugoro. Nje bati linang'aa tu, maana bati halijui kuoza.

Kwa hiyo lile doa la kahawia pembeni ya dirisha ndilo shahidi pekee anayekuonyesha maji yanakoingilia. Wewe fundi wa mapambo unakwenda unamziba mdomo kwa makopo mawili ya rangi nyeupe, unapiga picha, unauza! Mjomba wangu alikuwa fundi bodi Gerezani. Gari lililopigwa puti juu ya kutu aliligonga kwa kucha tu, akamwambia mwenye gari arudi nalo alikolitoa. Nilidhani ujanja ule ni wa kwetu peke yetu. Kumbe!

Kazi yenyewe haina siri. Unang'oa mkanda wote, unakwangua gundi kuukuu, unakata mbao iliyooza mpaka ufike kwenye nzima, unaweka nyingine, ndipo unaziba kwa utepe wa butili, ule unaonata kama ubani wa kutafuna. Kona moja ya letu ilitula wiki sita. Na mimi si malaika: mwaka jana nilipaka silikoni juu ya nyufa nikajiona injinia. Silikoni ikishakauka ni vitu vichache sana vinavyoshika vizuri juu yake, kwa hiyo nimetumia siku nne nzima kuikwangua kwa kisu cha jikoni.

Tuje kwenye matairi yake. Ubavuni mwa tairi la Marekani, mwisho wa namba inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: wiki na mwaka lilipotengenezwa. Ya dada yalikuwa na tarakimu tatu. Yaani yametoka kiwandani kabla ya mwaka 2000! Yamepakwa dawa ya kung'arisha, meusi tii.

Halafu makabati mapya, yale ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005 serikali yao iliwapa waathirika maelfu kwa maelfu ya matrela, watu wakaanza kulalamika macho yanawasha na vifua vinabana. Mwaka 2008 taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikatangaza kwamba imepima 519 na kukuta formaldehaidi, kwa wastani sehemu 77 katika kila bilioni ya hewa, zaidi ya ilivyo kwenye nyumba za kawaida. Gundi za mbao za aina hiyo ni chanzo kimojawapo. Siku hizi sheria imekaza na mbao hizo zinatakiwa kuwa na lebo. Je, aliyezinunua aliisoma? Mle ndani hata dirisha moja halifunguki, limegandishwa na rangi.

Najua mtaniambia, kaka, si kila mtu ana wiki sita. Sawa. Kama ni lako na unalala humo mwenyewe, paka hata zambarau. Lakini ukishaandika "limekarabatiwa" na kupokea pesa ya mtu, umemwambia kwamba halivuji na bomba la gesi umelipima. La dada nililipima kwa povu la sabuni. Kwenye kiungo cha nyuma ya jiko likatoa mapovu kama mtoto anayechezea mate. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na yeye kitanda chake kiko karibu na sakafu. Nimefunga mtungi, nikauchomoa, nimeuweka nje.

Muuzaji hapokei simu tena. Dada amelala kwetu siku ya tano leo, mshkaji kahamia kwenye kochi na analalamika mgongo. Jumamosi tunabandua bati la mbele tuone kilichobaki. Mwenye msumeno wa umeme wa kuazima aniandikie, na mwenye ngazi pia. Mimi nina ripoti ya maabara ya kesho saa mbili asubuhi, sijaandika hata jina langu.