Kompyuta Ipange, Mwanafunzi Apige Hesabu

Siku hizi programu za usanifu wa kurasa humwondolea mchapaji kazi ya kupanga nakala nyingi za umbo moja juu ya karatasi. Mtumiaji hutaja vipimo, naye huletewa safu zilizonyooka kwa muda mfupi. Inkscape, programu isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2003, huweza kurudia umbo kwa taratibu zote 17 za ulinganifu wa bapa zinazotambuliwa na wanahisabati. Hapana shaka hii ni neema. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba neema hiyo yaondoa haja ya hesabu shuleni.

Chukuliwe mfano wa kikundi cha wafuga nyuki katika kata ya Kaniha, wilayani Biharamulo, kinachohitaji lebo 900 za chupa za asali, kila moja yenye upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 70. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikiachwa pambizo ya milimita 10 kila upande, hubaki 190 kwa 277. Lebo zikisimamishwa, huenea 3 kwa upana na 3 kwa urefu, yaani 9. Zikilazwa, huenea 2 kwa 5, yaani 10. Kompyuta ikiamriwa vizuri itachagua 10, na karatasi 90 zitatosha.

Lakini mwanafunzi akigawanya 277 kwa 4 atapata 69 na kidogo. Basi urefu wa lebo ukipunguzwa milimita 1 tu, lebo zilizosimama zitaenea 3 kwa 4, yaani 12, na karatasi 75 zitatosha. Programu hutii kipimo ilichopewa. Haiulizi kama kipimo chenyewe kina sababu. Swali hilo ni la binadamu, na hulizuka tu kwa yule aliyezoea kuchunguza baki ya kugawanya.

Kwa hiyo yafaa walimu wa hisabati, hasa katika shule zisizo na kompyuta za kutosha, walifundishe jambo hili kwa rula, penseli na karatasi zilizokwisha kutumika. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo, siku atakapoketi mbele ya mashine, ataiamuru kwa akili. Asiyefunzwa atabonyeza vitufe tu, na karatasi atakazozipoteza zitalipiwa na mfuga nyuki.