Gia ya Noah Inapochelewa Kuingia



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi. Mwezi huu tutoke shambani kidogo, twende barabarani. Utauliza, bwana shamba ana kazi gani na magari? Ninayo. Nyanya zikiozea njiani, jasho lako la miezi mitatu limepotea, na langu pia.

Huku kwetu katika milima ya Usambara, Noah ndiyo gari la kijiji. Asubuhi inateremsha nyanya na kabichi kwenda Mombo. Jioni inapandisha watu na mbolea. Usiku inampeleka mama mjamzito hospitali.

Wakulima tisa ninaowatembelea walichanga fedha zao wakanunua Noah moja ya zamani. Gia zake ni otomatiki. Mwaka 2023 gia hizo zilianza usumbufu. Dereva anatia D, gari linasita, kisha linashtuka na kuondoka. Likipanda mlima, injini inavuma sana lakini mwendo hauongezeki. Dereva alisema gari limechoka tu. Mimi mwenyewe nilipanda gari hilo mara mbili. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikadhani ni breki, nikanyamaza. Wiki ya tatu likakwama kabla ya kufika barabara ya lami, likiwa na matenga 14 ya nyanya. Mpaka lilipopatikana gari jingine, siku mbili zilikuwa zimepita. Matenga mengi yalimwagwa pale pale.

Fundi alipofungua giaboksi, tulikuta sahani za klachi zimeungua. Chanzo kilikuwa bomba dogo la oili linalokwenda kwenye rejeta. Lilikuwa linavuja tone moja moja. Bei ya bomba lile haikufika bei ya tenga moja la nyanya. Kutengeneza giaboksi kuliwafanya wenzetu wauze mitamba miwili.

Sasa elewa jinsi gia hizi zinavyofanya kazi. Katika gari la kawaida, dereva hukanyaga klachi kwa mguu. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili. Fikiria pangaboi mbili zinazotazamana ndani ya oili. Injini inazungusha moja. Hiyo inarusha oili na kuizungusha ya pili. Ndani zaidi ziko sahani nyembamba, nazo hubanwa kwa nguvu ya oili. Oili ikipungua, nguvu hiyo inapungua. Sahani hazishikani vizuri, zinateleza. Zikiteleza zinapata moto, na zikipata moto zinaungua. Ndiyo maana injini inavuma lakini gari haliendi.

Kwa hiyo gia ikichelewa kuingia, pima oili kwanza, siku ile ile. Katika Noah za zamani kuna kijiti cha kupimia oili ya gia. Mafundi hukiita dipstiki. Injini ya gari hizo iko chini ya viti vya mbele, basi mwambie fundi akuonyeshe kijiti kilipo. Usikichanganye na kile cha oili ya injini. Endesha gari mpaka lipate moto, kisha lisimamishe mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Usizime injini. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia pole pole katika gia zote, urudi P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili ifike penye alama za HOT, maana yake moto.

Kisha itazame oili yenyewe na uinuse. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani zimekwisha kuumia, na kuongeza oili hakutaziponya. Ikiwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia. Hapo usiendeshe tena, ita fundi. Lakini ikiwa imepungua tu, ongeza kidogo kidogo, huku ukitafuta inapovujia. Usizidishe, kwa sababu oili ikizidi inatoa povu. Na usikubali kuwekewa oili yoyote iliyopo dukani. Noah nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2007 zina gia za aina nyingine, zenye mkanda wa chuma. Hizo zina oili yake peke yake.

Jambo jingine ni mzigo. Piga hesabu pamoja nami. Noah imetengenezwa kwa watu 8. Kila mtu akiwa na kilo 60, hao ni kilo 480. Sisi tunapakia watu 12, ambao ni kilo 720, na mifuko 10 ya mbolea, ambayo ni kilo 500. Jumla ni kilo 1,220. Halafu tunapanda mlima! Najua nauli ya watu wanane hailipi vizuri, nami sitajifanya sijui. Lakini mbolea inaweza kupanda kwa safari yake.

Mlimani, bonyeza kitufe cha O/D kilicho kwenye mkono wa gia ili taa ya O/D OFF iwake. Gari litapanda kwa gia ya chini bila kubadilisha badilisha. Taa hiyo ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, peleka gari kwa fundi. Wakati wa kuteremka tumia 2 au L. Usitie R wakati gari bado linakwenda mbele.

Betri ikifa, msikusanye vijana kulisukuma. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Wala msilivute kwa kamba mwendo mrefu likiwa limezimwa, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikilala, gia zinazunguka zikiwa kavu.

Noah ya wenzetu inatembea tena. Kijiti hupimwa kila Jumamosi, na kitambaa cha kufutia kinatunzwa na mweka hazina.

Mwezi ujao tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kantangaze katika nyanya.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.