Nani Aliuliza Ulipo?
Juni 17, 2025, katikati ya jiji la Nairobi, kijana muuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi waliomsogelea hatua chache tu. Alifariki Juni 30. Tulijua kwa sababu watu waliinua simu kurekodi. Simu hizohizo, tangu maandamano ya 2024, baadhi ya vijana wanazizima usiku, wakihofia mnara wa simu utawaelekeza watekaji nyara wanaotumia magari ya Subaru hadi mlangoni kwao Kangemi au Kawangware. Hofu hiyo inaumiza. Kampuni ya simu ya Safaricom, yenye makao Westlands, ilisema haitoi data za mteja bila amri ya mahakama. Basi itangaze kila mwaka idadi ya amri hizo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano. Bunge liwalazimishe polisi kukiheshimu.