Nyumba ya Askari Aliyejeruhiwa

Tangu Machi 2007, majeshi yetu yalipotumwa Somalia, wako askari waliorejea Uganda wakiwa wamepoteza mguu au uwezo wa kutembea. Kituo cha Mubende huwasaidia majeruhi kuanza maisha mapya. Lakini nyumba zinazowangoja zingali na vizingiti vilevile na milango ileile myembamba.

Ndugu askari, hapo ndipo hesabu inapotakiwa. Mwenye kutumia fedha zake za kwanza kwa rangi ya ukuta na viti vya sebuleni, kisha akamlipa kijana kila mwezi ili ambebe kwenda msalani, amejitwisha deni lisilokwisha. Kwanza itengenezwe njia. Kizingiti chenye kimo cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa saruji wenye urefu wa sentimita 180. Mlango upanuliwe, usipungue sentimita 80. Chooni pajengwe kikalio na chuma cha kushikia. Matengenezo hayo hulipiwa mara moja, nayo hupunguza saa za msaidizi kila siku.

Fundi alipwe kwa sehemu, kadiri kazi inavyokamilika. Msaidizi, hata akiwa mpwa, aandikiwe ujira na saa zake, maana asiyelipwa huchoka akaondoka. Akiba iwekwe kila mwezi kwa ajili ya paa na magurudumu ya kiti.

Nanyi makamanda, wafikieni wenzenu majumbani mwao. Aliyeilinda mipaka ya nchi anastahili kuvuka kizingiti chake bila ya kubebwa.