Tusingoje Godoro

Niliwahi kuketi katika kikao cha walimu wa michezo hapa hapa Mtwara, kikao kirefu cha soda moja na maneno mengi, nikauliza kwa nini shule zetu hazifundishi kuruka kwa upondo. Mkubwa mmoja akacheka. Akasema huo ni mchezo wa nchi zenye magodoro, sisi tukimbie. Watu wakapiga makofi, tukaendelea na ajenda ya sare.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nina ugomvi na kauli hiyo.

Tuanze na jina lenyewe. Mtoto wa Msimbati au Mikindani hahitaji kuelezwa upondo ni nini. Ameuona ukisukuma mtumbwi tangu hajang'oa meno ya utotoni. Maji yakipwa, vijana huusimika kwenye matope ya mikokoni, wakaning'inia, wakatua ng'ambo ya kijito huku wakicheka. Kusimika, kuning'inia, kuuacha mti ukubebe: hilo ndilo somo la kwanza la mchezo huu popote duniani. Tena mabinti nao wana haki yao, maana tangu Sydney mwaka 2000 wanawake wanaushindania katika Olimpiki.

Na hao wenye magodoro walianzia wapi? Cornelius Warmerdam, mtoto wa mkulima wa California, alianza kwa tawi la mpichi shambani kwa baba yake. Mwaka 1940, kwa upondo wa mwanzi, akawa mtu wa kwanza kuvuka futi 15, yaani mita 4.57. Miaka miwili baadaye akavuka mita 4.77, na rekodi hiyo ikakaa hadi mwaka 1957. Alikuwa akitua kwenye shimo la mchanga na vumbi la mbao. Faibaglasi na sponji vilishika nafasi yake baadaye, katika miaka ya 1960. Najua, Armand Duplantis aliruka mita 6.30 kule Tokyo mwaka 2025, na hilo halifanyiki kwa mwanzi. Lakini mimi simwandai Duplantis. Namwandaa mtoto wa kidato cha kwanza avuke mita moja na nusu bila woga.

Wapo watakaosema tuombe msaada wa vifaa. Haya, tuombe. Lakini upondo wa faibaglasi hutengenezwa kwa kipimo cha urefu na uzito wa mrukaji. Ule wa kijana wa kilo 75 hautapinda kwa mtoto wa kilo 45, utamrudisha alikotoka. Kwa hiyo mmoja hautoshi, shule inahitaji kadhaa, na kila mmoja ni mamia ya dola. Tukingoja hilo, watoto watazeeka.

Mimi sikungoja. Nilichagua mianzi iliyokomaa, nikaikausha kivulini wiki nyingi, nikaikata urefu wa mita tatu, nikaifunga vitambaa vya shuka kuukuu kati ya pingili na pingili. Mwisho wa chini nikauvika kipande cha katambuga ili usichimbe sana. Miti ya mikoko niliikataa: ni mizito, na tangu mwaka 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Bomba la chuma nalo sikuligusa. Shimo lilikuwa lile lile la kuruka chini, tukalilima kwa jembe kila jioni hadi mchanga ukawa laini. Badala ya ufito tulifunga mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao hata ukiugonga na goti hauumi. Mtoto alishika upondo pale mkono wake ulipofika akiwa amesimama, si juu zaidi, akaja kwa hatua tano, akatua kwa miguu. Wiki mbili za mwanzo hatukufunga mpira kabisa.

Sasa niseme na kosa langu. Mwanzi mmoja niliusahau juani. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nami sikuukagua. Ulivunjika kijana akiwa hewani, akateguka kifundo cha mkono. Kosa lilikuwa langu, si la mwanzi wala la mchezo. Nilistahili kukaripiwa, na nilikaripiwa. Lakini mchezo ukapigwa marufuku na shimo likageuzwa jalala. Mwaka huo huo mtoto wa jirani alianguka kutoka kwenye mnazi akavunjika mguu, na sikusikia mtu akipiga marufuku madafu.

Sisemi mchanga unatosha milele. Siku mrukaji anapoanza kupeleka miguu juu ya kichwa, anaanguka kwa mgongo, na hapo mchanga ni adui. Hapo godoro linatakiwa, bila ubishi. Nilijaribu magunia ya korosho yaliyojazwa makumbi ya nazi. Mvua moja tu yakashikana, yakawa magumu kama tofali. Nililia. Kisha nikasoma kwamba warukaji wa Marekani, kabla ya magodoro ya kiwandani, walitua juu ya vipande vya sponji vilivyofungwa ndani ya wavu. Wavu! Nasi tunaishi na wavuvi.

Upo mlango mwingine tunaoufunga. Katika mashindano ya michezo kumi, wa nane ni huu. Nimewapeleka watoto UMISSETA miaka mingi, nikaona kijana anayekimbia, anayeruka na anayetupa mkuki kuliko wenzake wote, na hakuna wa kumwambia kwamba yupo mashindanoni mahali pa mtu wa namna yake.

Mafundi makochi wa mjini hutupa mabaki ya sponji kila wiki. Nyavu chakavu zimelala ufukoni, ukiomba unapewa. Nimeshajaza magunia manne, na hesabu yangu inataka yafike thelathini. Yamerundikwa barazani kwangu, na mama watoto ameanza kuuliza yataondoka lini.