STIKA HAIPONYI INJINI



Siku za ukaguzi wa magari zinakaribia. Askari wa usalama barabarani watatazama breki, taa, matairi, usukani na moshi. Gari letu la ushirika, ile Hiace ya dizeli tuliyonunua mkono wa pili, breki zinashika na taa zinawaka. Shida yake ni moshi. Dereva akikanyaga mafuta, linaacha wingu jeusi nyuma, na watoto wanaokwenda shule wanaziba pua.

Hapa kijijini yamezuka maneno mawili. La kwanza, tuazime nozeli nzuri kwa siku moja, gari likikaguliwa tuzirudishe kwa mwenyewe. La pili, tutoe chai, stika ibandikwe, mambo yaishe. Sisi tunayakataa yote mawili, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, stika ni karatasi tu, haiponyi injini. Gari likipita kwa ujanja leo, kesho linatoa moshi ule ule, na fedha ya wanachama imeshaliwa. Tena hiyo chai ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa na anayepokea. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haisemi gari bovu likiwa na stika liendeshwe.

Pili, moshi ni maradhi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Anayeuvuta kwanza siyo askari wa mjini. Ni mama aliyebeba kuni kandokando ya barabara yetu.

Tatu, moshi mweusi ni dizeli yetu inayotoka bila kufanya kazi. Injini inapata dizeli nyingi na hewa kidogo, basi haiunguzi yote. Tunalipia lita kumi, nyingine zinaishia angani.

Jamani, chanzo tunacho hapa hapa. Barabara zetu kiangazi ni vumbi tupu. Vumbi hilo linaziba chujio la hewa, ile mafundi wanayoiita eyaklina, na injini inakabwa kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Halafu kuna dizeli ya madumu. Anayechanganya mafuta ya taa anatuharibia pampu na nozeli, maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Ndiyo maana Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, ili wachakachuaji wajulikane. Tukinunua kichochoroni tunajiumiza wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ifanyike kwa utaratibu huu, tukianza na kilicho rahisi:

1. Chujio la hewa lisafishwe. Likiwa limechoka linunuliwe jipya. Kiangazi dereva alitazame kila wiki.
2. Oili na chujio lake vibadilishwe, na tarehe iandikwe katika daftari.
3. Dizeli inunuliwe kituoni, kwa risiti.
4. Mzigo usizidi. Hiace siyo lori la tumbaku.
5. Moshi ukiendelea, fundi apime nozeli na pampu.

Fundi pia atazame rangi ya moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mara nyingi ringi zimechoka. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani ya silinda. Ikiwa ni hivyo aseme wazi mbele ya mkutano, tuamue kufungua injini au kuuza gari. Mficha maradhi kilio humfichua.

Wapo wanaosema tungoje malipo ya tumbaku. Tunawaelewa, fedha ni kidogo. Lakini chujio na oili havingoji, wala hiyo chai inayosemwa isingetoka mbinguni. Fedha iliyotakiwa kuhonga itoshe kuanza kutengeneza. Na tukumbuke kwamba gari hili halibebi asali na mbolea tu. Usiku linampeleka mjamzito Kitete. Likizuiwa njiani, nani atamlipa mume wake?

Sisi ni watu wa Unyanyembe. Wazee wetu wapagazi walibeba mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mzigo uliofungwa vibaya humtesa mpagazi na kuchelewesha msafara mzima. Hufungwa vizuri kambini, haungojwi umwagike porini. Gari nalo ni hivyo hivyo.

Basi tunaomba mkutano wa wanachama upitishe mambo mawili: fedha ya matengenezo itengwe kabla ya ukaguzi, na daftari la gari liwekwe ofisini, kila mwanachama alisome. Asiyejua kusoma asomewe bila kuona haya, maana gari ni lake pia.

Siku ya ukaguzi gari liende mchana kweupe, injini ikiwa na moto, na likikutwa na kasoro turudi tuitengeneze.

Ushirika ni nguvu. Moshi siyo maendeleo.

Katibu wa Tawi